Mara ya Kwanza Angoulême: Mashauri kwa Anayekwenda Kwenye Tamasha la Katuni

Tangu nirudi Lubumbashi, wenzangu wa fakulte wananiuliza swali moja: mtu akifika kwenye tamasha la katuni kwa mara ya kwanza, aanzie wapi? Wengine wanatazamia kwenda Ulaya kwa masomo, wengine wana michoro yao wenyewe wanayoificha ndani ya daftari za kozi. Mimi nilifika Angoulême, kusini-magharibi ya Ufaransa, wakati nilipokuwa Poitiers kwa muda wa miezi mitano katika mpango wa kubadilishana wanafunzi. Nilikuwa na bahasha yenye kurasa 12. Mdogo wangu ndiye aliyezichora, mimi nikaziandikia maneno kwa Kiswahili. Siku nzima ya kwanza niliipoteza bure, basi mashauri haya yanatoka kwa mtu aliyekosea.

Nianze na mji wenyewe. Tamasha la Angoulême lilianza mwaka 1974 na kwa desturi hufanyika mwishoni mwa mwezi wa kwanza, toka siku ya alhamisi mpaka siku ya mungu. Mji una wakazi kama 40,000 tu, na katika siku hizo nne wageni hukaribia 200,000. Vitanda havitoshi. Watu waliozoea hulipia chumba cha mwaka unaofuata kabla hawajarudi kwao. Ukikosa, lala Poitiers au Bordeaux, kuna treni, lakini angalia kwanza saa ya treni ya mwisho ya usiku. Mji umejengwa juu ya kilima: stesheni iko chini, mahema makubwa yako juu, na jumba la makumbusho ya katuni liko chini tena, ng'ambo ya mto Charente. Utapanda na kushuka mara nyingi kwa siku, tena kwa baridi na mvua. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea. Karatasi zako uzitie ndani ya plastiki. Mimi sikufanya hivyo, na ukurasa wa tatu wa mdogo wangu mpaka leo una alama ya maji.

Mahema hayo kwa Kifaransa yanaitwa bulles, neno lile lile la viputo vinavyobeba maneno ya watu ndani ya katuni. Yale ya wachapishaji wakubwa yako Champ de Mars. Ya wachapishaji wadogo yako uwanja wa New York. (Jina hilo si la bure: mwaka 1524 Verrazzano alipofika mahali ambapo leo ni New York, alipaita Angoulême Mpya kwa heshima ya mfalme Francis wa Kwanza, aliyekuwa mtawala wa Angoulême kabla ya kupata taji.)

Mimi, kama wageni wote, nilikimbilia hema kubwa. Nilimwona mchoraji ambaye vitabu vyake nilivisoma tangu utoto, na mbele yake mstari mrefu wa watu. Nikajipanga. Baada ya saa mbili na nusu kijana mmoja wa banda lile akaniuliza tiketi yangu. Tiketi gani tena? Nilikuwa nimekwisha kulipia mlangoni. Kumbe wachapishaji wengi wakubwa hupiga kura asubuhi, au hugawa tiketi chache kwa wanaonunua kitabu, na asiye nayo hachorewi kitu. Kwa hiyo ukitaka sahihi ya mtu mashuhuri, fika mlango unapofunguliwa, nenda moja kwa moja kwenye banda lake, uulize utaratibu kabla ya kusimama. Halafu ujue unachoomba. Katika katuni sahihi si jina tu: mchoraji anakutolea mchoro mzima katika ukurasa wa kwanza wa kitabu chako, anatumia dakika kumi au ishirini, na wachoraji wengi wamelalamika kwa miaka mingi kwamba kazi hiyo haiwalishi. Usimletee vitabu vitano. Usimwambie achore mama yako, shangazi yako na mbwa. Msalimie, mwambie ni ukurasa gani ulikugusa, kisha mwache afanye kazi.

Jambo la pesa linawashangaza watu wetu, maana sisi sokoni hatununui hata nyanya bila kuomba bei ipunguzwe. Huko hakuna kubishana bei ya kitabu kipya. Sheria ya mwaka 1981, inayoitwa sheria ya Lang, inampa mchapishaji peke yake uwezo wa kupanga bei, na muuzaji hawezi kupunguza zaidi ya asilimia 5. Kitabu utakachokiona chini ya hema kina bei ile ile katika duka la vitabu la Poitiers, pengine na nafasi ya kukisoma kwa utulivu. Mfuko wangu mdogo wa mwanafunzi niliumaliza saa tano asubuhi kwa vitabu ambavyo ningevipata popote, na nilipofika kwa wachapishaji wadogo, wenye vijitabu vya kukunjwa kwa mkono ambavyo haviuzwi madukani, nilikuwa na pesa ya mkate tu. Anza na wadogo.

Kwa wadogo ndiko nilikopeleka bahasha yangu kesho yake. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wenu mnauliza kuhusu hilo. Kwanza, tiketi ya kawaida haikuingizi katika hema la wanaouziana haki za vitabu. Hilo ni la wenye kibali cha kazi, usipoteze muda mlangoni. Pili, usimkatize mtu anayeuza. Nilingoja mpaka meza ya mama mmoja mchapishaji ikawa haina mteja, nikamsalimia, nikamwomba dakika tano. Alikubali. Alisoma michoro bila neno, ukurasa kwa ukurasa. Hajui Kiswahili hata kidogo. Hadithi yetu ni ya mama wa Katuba anayeuza makala na anayegombana na mpokea pesa wa taxi-bus. Alipofika ukurasa wa tano alisimamisha kidole juu ya kiputo kimoja.

“Huyu kijana, hapa ananong'ona?”

“Hapana, mama. Hapa anapiga kelele. Gari linaondoka.”

“Basi kwa nini maneno yake ni madogo hivi?”

Nilikosa jibu. Katika katuni ukubwa wa herufi ni sauti: herufi kubwa nene ni kelele, herufi ndogo ndani ya kiputo kipana ni kunong'ona. Hayo nilikuwa nimeyasoma kitambo. Ila mazungumzo yetu nilikuwa nimeyaandika kwanza kwa Kifaransa, mdogo wangu akachora viputo kwa kipimo cha Kifaransa, halafu nikatafsiri. Mpokea pesa alikuwa akisema “On ne t'attendra pas”. Kifaransa kinayakata hayo vipande vinne, na vipande vinne unaweza kuvipanga kimoja juu ya kingine ndani ya kiputo chembamba kinachosimama pembeni mwa mlango wa gari. Kwa Kiswahili ni neno moja: “Hatutakusubiri”. Mtendaji, wakati, mtendwa na ukanusho vyote vimo ndani ya herufi 14 zisizokubali kutenganishwa. Ukilikata katikati msomaji anajikwaa. Usipolikata, lazima ulipunguze mpaka lienee. Nililipunguza, na kelele ikageuka mnong'ono. Miaka mitatu darasani tulichambua viambishi vya kitenzi, na sikuwahi kufikiri kwamba vina upana wa kupimwa kwa rula.

Mama yule hakuichukua kazi yetu. Aliniambia niirudie, nimletee siku nyingine. Lakini aliniuliza mambo mawili ambayo nawashauri muwe na majibu yake mkononi: je, una nakala ninayoweza kubaki nayo? Na je, kuna karatasi ya tafsiri kando? Sikuwa na nakala wala tafsiri. Nilikuwa nimebeba michoro asili, kitu ambacho mtu asifanye hata kidogo, na anwani yangu niliiandika nyuma ya tiketi ya treni.

Mchana nilishuka makumbusho, na ningekuwa na uwezo wa kurudia ningeanzia huko. Yamo ndani ya maghala ya zamani ya pombe kando ya mto, yalifunguliwa mwaka 2009. Karatasi asili za wachoraji zinaonyeshwa jinsi zilivyo, na juu yake unaona rangi nyeupe iliyofuta neno, kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya kiputo, sentensi iliyofupishwa kwa penseli. Kwa mwanafunzi wa lugha hakuna somo la uhariri linalozidi hilo. Tafuta pia vitabu vinavyochanganya lugha bila aibu. Aya de Yopougon ya Marguerite Abouet, iliyochorwa na Clément Oubrerie, ilipata mwaka 2006 huko huko Angoulême zawadi ya albamu ya kwanza, na wasichana wake wanasema Kifaransa cha Abidjan. Mwishoni wasomaji wamewekewa maana za maneno ya kienyeji.

Jioni nilimpigia mdogo wangu simu. Alikuwa anangoja tangu asubuhi. Nilimweleza juu ya kiputo cha ukurasa wa tano, akanyamaza kwa muda, mpaka nikadhani mtandao umekatika.

“Kumbe kosa ni lako, yaya,” akasema. “Wewe utaandika kwanza, mimi nitachora nyuma.”

Kwa wasiopata viza, Angoulême si mlango wa pekee. Tangu 2016 Brazzaville ina tamasha la Bilili, lililoanzishwa na mchoraji wa Kameruni anayejulikana kwa jina la Elyon's. Bilili kwa Kilingala ni picha. Kwa mtu wa Kinshasa ni kuvuka mto tu, kwetu Lubumbashi ni safari ndefu zaidi, lakini haipiti ubalozi wa Ulaya. Huko nako, nendeni na nakala, na karatasi ya tafsiri kwa Kifaransa, na maneno yaliyopimwa kabla ya mchoro. Sisi tumeanza upya. Kurasa zimebaki 9. “Hatutakusubiri” imebaki pia, na kiputo chake sasa kinachukua nusu ya upana wa ukurasa, kimefunika dirisha moja la taxi-bus na abiria wawili.