Umbo na Maana katika Densi ya Kazuo Ohno

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza mambo matatu katika kazi ya mcheza densi Mjapani, Kazuo Ohno (1906–2010): mwili unaosikilizwa kutoka ndani, vazi la kike analovaa mwanamume jukwaani, na ufundishaji. Inadaiwa hapa kwamba mambo hayo yanafungamana katika swali moja: je, katika densi, umbo huzaa maana, au maana ndiyo huzaa umbo?

2.0 Vazi na Mwili

Mwaka 1929, Ohno alimtazama mjini Tokyo Antonia Mercé, mcheza densi maarufu kwa jina la La Argentina. Baadaye alifundisha elimu ya viungo Yokohama, akaingizwa jeshini mwaka 1938, na hakutoa onyesho lake la kwanza hadi 1949. Mwaka 1977, akiwa na miaka 71, alicheza densi ya kumuenzi Mercé, aliyekuwa amefariki mwaka 1936. Onyesho hilo liliongozwa na Tatsumi Hijikata, ambaye pamoja naye huhesabiwa kuwa waasisi wa densi ya buto. Ohno alivaa gauni, uso wake ukiwa umepakwa rangi nyeupe.

Uvaaji huo hautofautiani na wa kabuki kwa mavazi tu. Katika kabuki, ambayo wanawake walikatazwa kuicheza mwaka 1629, mwanamume anayeigiza mwanamke, yaani onnagata, hutumia ishara za kurithishwa: mwendo, mkao wa shingo, ushikaji wa kimono. Mtazamaji aliyezoea huzisoma kama msamiati. Ohno hakuuegemea msamiati huo, wala hakuuficha uzee wake. Mwanamke na mzee walionekana pamoja katika mwili mmoja, pasipo mmoja kumfuta mwingine.

3.0 Ufundishaji

Katika studio yake ya Yokohama, Ohno hakufundisha kwa kuhesabu hatua. Alizungumza kuhusu mama, ua, tumbo la uzazi au wafu, kisha wanafunzi wakacheza. Kiisimu, tofauti ni hii: amri kama vile “inua mkono” hutaja umbo, ilhali taswira hutaja hali na kuuachia mwili utafute umbo lake. Kwa hiyo neno moja liliweza kuzaa miondoko tofauti kwa wanafunzi wawili, na yote ikakubalika.

4.0 Hoja Kinzani

Mwaka 2013, Takao Kawaguchi, ambaye hakuwahi kumwona Ohno jukwaani, alitoa onyesho lililonakili miondoko yake kutoka kanda za video. Alianzia kwenye umbo, kinyume kabisa cha mafundisho ya Ohno. Kama watazamaji waliguswa na nakala hiyo, basi haiwezi kudaiwa kwamba maana hukaa ndani ya mchezaji peke yake. Umbo nalo huibeba.

5.0 Hitimisho

Hata hivyo, nakala ina mpaka. Anayekariri sentensi huitamka sawasawa. Anayeimudu lugha hutunga sentensi ambayo hajawahi kuisikia. Kanda za video zimehifadhi sentensi za Ohno. Uwezo wa kutunga nyingine ulipitishwa studioni, kwa maneno, na ndio ulio hatarini zaidi kutoweka kadiri wanafunzi wake wanavyopungua. Watafiti wa sanaa za maonyesho hawana budi, basi, kurekodi maneno ya mwalimu kwa uangalifu uleule wanaourekodi mwondoko.