Utangulizi: Kemia ya Maji kwa Mfugaji wa Matumbawe

Wengi huingia katika ufugaji huu kwa mlango wa vifaa: taa, pampu, mashine ya kutoa uchafu kwa povu. Kitabu hiki kinakuingiza kwa mlango wa maji. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo wanaojijengea mifupa ya kalsiamu kaboneti, na malighafi yote ya ujenzi huo huichota katika maji yanayowazunguka. Baharini akiba haiishi. Katika tangi la kioo la lita 200 sebuleni, huisha, tena upesi.

Bahari yenyewe tunaijua vizuri. Mwaka 1884 mwanakemia William Dittmar alichapisha uchunguzi wa sampuli 77 zilizokusanywa na meli ya utafiti ya Challenger sehemu mbalimbali za dunia. Alithibitisha kwamba chumvi inaweza kuzidi hapa na kupungua pale, lakini uwiano wa viambato vyake vikuu karibu haubadiliki. Ndiyo maana leo unaweza kununua chumvi ya pakiti, ukaichanganya na maji safi mpaka gramu 35 kwa kilo, ukapata kitu kinachokaribiana na bahari. Kazi ni kukibakiza hivyo.

Maji ya bahari yana takriban miligramu 420 za kalsiamu kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, na alkali ya digrii 7 hivi kwa kipimo cha Kijerumani wanachotumia wafugaji. Alkali hapa ni hasa bikaboneti na kaboneti zilizomo majini, na ndiyo inayowaponyoka wanaoanza. Matumbawe yakijenga mfupa wa kutosha kupunguza kalsiamu kwa miligramu 20 kwa lita, alkali hushuka kwa digrii 2.8. Kwa kalsiamu huo ni upungufu usiofika asilimia 5. Kwa alkali ni asilimia 40. Mtu anapima kalsiamu, anaikuta salama, analala usingizi, na matumbawe yake yanaanza kuambuka nyama. Kama fedha zako zinatosha kipimo kimoja tu, nunua cha alkali. Ni chupa ndogo ya mililita 5 na matone ya asidi: unadondosha, unatikisa, unahesabu, mpaka buluu igeuke manjano. Katika vifaa vingi vya bei nafuu tone moja ni digrii moja.

Kuna njia kadhaa za kurudisha kilicholiwa, na ninayoipenda ni maji ya chokaa, yaliyoenezwa na Peter Wilkens miaka ya 1970. Hurudisha kalsiamu na alkali kwa uwiano ule ule matumbawe yanaoutumia. Wenyeji wa pwani yetu waliijua safari hii ya chokaa na matumbawe kwa upande wa pili: nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilijengwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe. Lakini angalia, pH ya maji ya chokaa hupita 12. Yadondoshe polepole, hasa usiku, maana mwani usiposanisi chakula hewa ukaa huongezeka na pH ya tangi hushuka. Funika pia chombo chake. Uliyepuliza mrija katika maji ya chokaa darasani unakumbuka yalivyogeuka meupe kama maziwa. Hewa ya sebuleni hufanya hayo hayo, na weupe ule ni kalsiamu kaboneti ambayo matumbawe hayawezi tena kuitumia.

Magnesiamu haihitaji maneno mengi: huzuia kalsiamu isigande. Ikipungua, utakuta ukoko mweupe kwenye pampu na hita. Naitreti na fosfeti zina sura zao.

Mimi ni muumini wa utulivu kuliko ukamilifu. Alkali inayokaa kwenye 8 mwaka mzima ni bora kuliko inayopanda 11 na kushuka 7 kila wiki.

Na tafadhali, usivunje tumbawe baharini. Matumbawe yenye mifupa migumu yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, na vipande vilivyokuzwa katika matangi huzoea maisha ya tangi vizuri zaidi.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, tafuta daftari. Pima alkali kila siku saa ile ile kwa wiki moja, uandike, wala usiongeze chochote.