Rangi, Jua na Pumba za Ubaruku

Ubaruku hakuna kiwanda cha nguo. Kuna mpunga, mashine za kukoboa, na vilima vya pumba vinavyosubiri wachoma matofali. Anayeuhusisha mji huu wa wilaya ya Mbarali na usafishaji wa maji ya rangi anaweza kudhaniwa amepotea njia. Hajapotea sana, ingawa tatizo lenyewe liko kwingine: kwenye bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, lililopokea maji ya viwanda vya nguo kwa miongo mingi, na kwenye ua wa kila mtengeneza batiki anayemwaga ndoo ya mwisho mtaroni.

Rangi ya nguo hutengenezwa ili isichuje kwa sabuni wala kupauka juani. Sifa hiyo anayoilipia mnunuzi wa kitenge ndiyo inayowashinda bakteria wa mabwawa ya majitaka.

Ndipo wanasayansi wakageukia vichocheo vinavyoamshwa na mwanga. Kinachotumika zaidi ni titani dioksaidi, unga uleule unaotia weupe rangi za ukutani na dawa za meno. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba elektrodi ya madini hayo, ikimulikwa, husaidia kuyapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Mwanga wenye nguvu ya kutosha ukiigonga chembe, elektroni huruka na kuacha pengo. Elektroni hudakwa na oksijeni iliyoyeyuka majini. Pengo nalo hunyang'anya elektroni kutoka kwenye maji, na hapo huzaliwa haidroksili huru, kitu kikali kisichodumu hata kufumba na kufumbua, lakini hukatakata karibu kila molekuli ya rangi inayokutana nayo. Mara nyingi, hata hivyo, elektroni hurudi pengoni mapema na nguvu yote ikaishia kuwa joto.

Kuna kikwazo kingine. Unga huo wa kawaida huamshwa na urujuanimno, ambao ni kama asilimia 5 tu ya nguvu ya jua linalotufikia. Maji yakiwa meusi kwa rangi, mwanga hauvuki hata sentimita chache. Maabara hupata matokeo ya kupendeza kwa kuyeyusha rangi ya methilini buluu kidogo kwenye maji safi. Lakini maji halisi ya batiki yana kostiki soda na haidrosalfaiti, na hiyo ya pili huzimaliza haidroksili kabla hazijaigusa rangi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni jicho letu. Rangi za nguo za kundi la azo zikikatwa katikati, maji hung'aa upesi, ilhali vipande vinavyobaki vinaweza kuwa amini zenye sumu, nyingine zikiwa chanzo cha saratani. Mradi unaopima weupe wa maji bila kupima kaboni iliyobaki umepima urembo.

Sasa pumba. Kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 20 za pumba, na hizo zikiungua hubaki kilo 4 hivi za majivu, sehemu kubwa yake ikiwa silika. Silika haiamshwi na mwanga. Kazi yake ni kuushika unga wa titani, ambao ukiwa peke yake ni mwembamba mno kuchujwa na huondoka na maji yaleyale uliokuja kuyasafisha. Majivu ya tanuri la matofali hayafai sana: moto mkali huigeuza silika kuwa fuwele na kuziba vitundu vyake. Pumba zichomwe kwa joto la wastani, lililodhibitiwa.

Mimi ningeanza na kilicho rahisi: mkaa wa pumba unyonye sehemu kubwa ya rangi kwanza, kisha jua na kichocheo vimalizie kwenye beseni pana lenye kina kifupi, maji yakikorogwa yapate oksijeni. Mkaa ulioshiba rangi nao utafutiwe mahali, maana rangi imehama tu. Karakana ya batiki ya Iringa au Mbeya inaweza kumudu beseni kama hilo, tena hasa kiangazi, jua likiwa kali na mito ikiwa na maji machache ya kuizimua rangi. Kiwanda kinachotoa maji usiku na mchana kitahitaji eneo kubwa mno la mabeseni, na masika kitakwama.