Utangulizi: Kwanza Msikilize Mpiga Dholi

Uwanja unaouingia una kelele nyingi, na wanaoupenda wanaupenda kwa sababu hiyo hiyo. Wengi wetu tulianza kuijua Punjab kwa kuwaona vijana wenye vilemba vya rangi, mikono juu, mabega yakicheza, iwe harusini au kwenye video. Ngoma ile ni bangra. Vipeperushi vya matamasha husema ni ngoma ya mavuno ya tangu enzi na enzi, iliyorithiwa baba kwa mwana bila kubadilika. Maelezo hayo yana kweli ndani yake, lakini yanairuka sehemu tamu kuliko zote, tena yanawasahau watu walioibeba ngoma yenyewe mabegani.

Kwa hiyo nina ombi. Utakapoitazama ngoma ya Kipunjabi, mwache mchezaji kidogo, umwangalie mtu aliyening'iniza pipa la mti shingoni. Huyo anapiga dholi. Pipa lake limewambwa pande zote mbili. Upande mmoja hutoa sauti nene, naye huupiga kwa daga, mkwiro mzito uliopinda; wa pili hutoa sauti kali, naye huupiga kwa tili, ufito mwembamba unaorukaruka. Daga hushika mwendo, tili hujaza nafasi zinazobaki. Akigeuza mapigo, miguu ya wachezaji hugeuka pamoja naye. Mara nyingi jina la pigo na jina la mchezo ni moja: kuna pigo la ludi, la jumari, la dhamali, la bangra, hata aliyefumba macho atajua uwanjani kunachezwa nini. Ndiyo maana nashikilia kwamba historia ya ngoma za Punjab isomwe kuanzia kwa mpiga dholi. Sura za kitabu hiki zimepangwa kwa imani hiyo.

Punjab ni nchi tambarare ya mito mitano: Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej. Imegawanyika katika kanda zenye lahaja zake na michezo yake. Jumari, yenye mwendo wa taratibu na mikono laini, ni ya kusini-magharibi na ya Sandal Bar, nchi iliyo kati ya Ravi na Chenab. Huko huko wanawake walicheza sami. Katika kanda ya Malwa, kusini mwa Sutlej, wanaume wana gida yao wenyewe, mbali na ile ya wanawake tutakayoikuta mbele, wakiimba kwa zamu huku wakipiga vyombo vidogo vidogo vya mbao na chuma. Na bangra? Ilikuwa ya wilaya chache tu: Sialkot, Gujranwala, Gujrat, Gurdaspur na majirani zao. Ngano ilipokomaa, wanaume wa vijijini, Waislamu, Masingasinga na Wahindu, walizunguka duara, mpiga dholi akiwa katikati, mpaka ifike sikukuu ya Vaisakhi, ambayo kwa kawaida huangukia tarehe 13 au 14 Aprili. Mtu wa Patiala au wa Multan hakuihesabu kuwa ngoma yake.

Kisha ukaja mwaka 1947. Mpaka mpya wa India na Pakistan ulipita katikati ya Punjab. Mamilioni walihama na damu nyingi ikamwagika. Sialkot, Gujranwala na Gujrat zikawa Pakistan, sehemu kubwa ya Gurdaspur ikabaki India. Vile viwanja vya bangra vilipoteza watu wake wengi.

Hapa ndipo vipeperushi vinaponyamaza. Kati ya mwaka 1948 na 1956, upande wa India, kulikuwa na jimbo lililoitwa PEPSU, makao yake Patiala, mahali ambapo bangra haikuwa ya wenyeji. Katika mji wa Sunam, ndugu wa ukoo wa Deepak, wakiwemo Manohar na Avtar, walikutana na Bhana Ram, mpiga dholi aliyekuwa amekimbia kutoka magharibi ya mpaka. Yeye alikuja na mapigo ya kwao. Wao walikuwa na ujana, nguvu na hamu ya jukwaa. Wakaunganisha hatua za bangra na za ludi, jumari na michezo mingine, wakazipanga zifuatane kwa dakika chache mbele ya watazamaji, wakavaa sare. Mwaka 1954 bangra ya namna hiyo ilichezwa Delhi kwenye sherehe za Siku ya Jamhuri. Mwaka 1957 ikaonekana katika filamu ya Naya Daur, na kwa njia ya sinema ikafika kwa watu ambao hawajawahi kuona shamba la ngano. Vyuo vya Punjab vikaifanya mchezo wa mashindano, na hiyo ndiyo bangra iliyoenea duniani.

Wapo wataalamu wanaoiita ya bandia kwa sababu hiyo. Sikubaliani nao hata kidogo. Watu waliopoteza makwao walikusanya walichoweza kukibeba kichwani na miguuni, wakakiunganisha upya ili watambuane. Mimi naiona hiyo kuwa mila ikifanya kazi yake katika saa ngumu, na naiheshimu kuliko hadithi ya urithi usioguswa. Ninachokilalamikia ni kingine: katika masimulizi yetu mchezaji amekuwa shujaa, na aliyempa mapigo amekuwa mtu wa pembeni.

Kwa muda mrefu dholi ilikuwa kazi ya ukoo. Waliipiga Wamirasi, ambao pia walitunza nasaba za wakubwa wao na kuziimba. Waliipiga Wabharai, wafuasi wa walii Sakhi Sarwar. Waliipiga Wabazigar, watu wa sarakasi waliotembea kijiji hadi kijiji. Wajat, wenye mashamba, hawakuipiga. Wao walicheza na kutunza. Mpiga dholi aliitwa kwenye harusi, kwenye mieleka, kwenye mavuno, akapewa nafaka au fedha, naye hakualikwa kuketi na waliomwita. Mwaka 1947 Wamirasi na Wabharai wengi, kwa kuwa ni Waislamu, walihamia Pakistan, na upande wa India pengo lao likajazwa hasa na Wabazigar. Gibb Schreffler, mtafiti wa Marekani, alikaa na wapigaji hao, akaandika kitabu juu yao kilichotoka mwaka 2021. Kinaonyesha wazi jambo linalopaswa kutukera sote: dholi imekuwa nembo ya Punjab nzima, lakini wengi wa wanaoipiga bado wamekwama katika daraja la chini walilozaliwa nalo. Atakayeandika juu ya furaha ya bangra bila kuligusa hilo ameandika nusu ya kazi.

Wanawake wana mlango wao. Gida yao haimngoji mpiga dholi. Husimama duara, wakapiga makofi, mmoja akatoka kati na kutoa boli, ubeti mfupi mfupi. Mshororo wa mwisho hupokewa na wote, makofi huenda mbio, na wawili huingia kucheza mpaka pumzi ziishe. Kisha mwingine hudaka zamu na boli yake. Maneno hayaoni haya: mama mkwe mchoyo, wifi mchongezi, mume aliyekwenda jeshini na kumwacha mke na baridi, shemeji anayejitia mzuri. Harusini jamaa za bibi harusi huwapiga vijembe wageni wa bwana harusi, nyimbo kwa nyimbo, nao wageni wanatakiwa kuketi na kucheka. Msomaji aliyekulia penye mipasho atajikuta nyumbani. Ziko pia nyimbo za kumtukuza bwana harusi juu ya farasi wake, nyimbo za binti anayeaga kwao, na michezo ya wasichana ya msimu wa mvua, bembea zikifungwa mitini.

Nawasihi vijana wanaotafuta mada ya utafiti waje huku. Devinder Satyarthi, aliyezaliwa mwaka 1908, aliacha masomo na kuzunguka Bara Hindi akikusanya nyimbo za watu wa kawaida. Kitabu chake kiitwacho Giddha kilitoka mwaka 1936. Kabla yake, tangu mwaka 1884, Richard Temple, ofisa wa Kiingereza, alichapa majuzuu ya visa vya Punjab vilivyoandikwa kutoka vinywani mwa waimbaji. Alituhifadhia maneno, nasi tunamshukuru, lakini kitabuni mwake huwezi kusikia mkono wa mpigaji wala pumzi ya mwimbaji. Elimu yetu ilichelewa kwa sababu ya desturi hiyo ya kuuona wimbo kama shairi lililovaa sauti kwa bahati.

Juu ya visa vyenyewe nitapita haraka, kwa kuwa vina sura yao. Kisa cha mapenzi ya Hir na Ranjha, alivyokitunga Waris Shah mwaka 1766, huimbwa hadi leo kwa mahadhi ambayo Mpunjabi huyatambua kwa sekunde moja. Alam Lohar alizunguka Pakistan akiimba huku akipiga chimta, koleo refu la chuma lenye njuga. Upande wa India, Lal Chand Yamla Jatt aliipa heshima tumbi, chombo cha uzi mmoja tu. Surinder Kaur, aliyezaliwa Lahore, alianza kurekodi mwaka 1943 pamoja na dada yake Prakash. Baada ya mpaka kuwekwa waliimba wakiwa India, na sahani zao zikasikilizwa pande zote mbili. Lahore kwenyewe, kwenye kaburi la walii Shah Jamal, Pappu Sain alipiga dholi usiku wa Alhamisi kwa miaka mingi, akizunguka kwa kasi na chombo kizito shingoni, hadi kifo chake mwaka 2021. Pale dholi ni ibada, na mchezo unaitwa dhamali.

Safari ya pili ya muziki huu inapita mlangoni kwetu. Reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, ilileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi. Walio wengi walirudi, baadhi wakabaki, na nyuma yao wakaja maseremala, wahunzi na makarani. Hekalu la Masingasinga la Makindu, kando ya reli hiyo, ni la mwaka 1926. Kisha miaka ya 1960, na hasa baada ya Idi Amin wa Uganda kuwafukuza Waasia mwaka 1972, familia nyingi zilihamia Uingereza. Mmoja wa watoto waliohama kutoka huku ni Kuljit Bhamra, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1959. Akiwa Southall, magharibi ya London, alimpigia mama yake tabla kwenye harusi. Mama huyo, Mohinder Kaur Bhamra, aliimba na kuwahimiza wanawake wainuke wacheze ukumbini mbele ya wanaume, jambo lililowashangaza wazee. Mwaka 1982 walitoa albamu ya Punjabi Disco, yenye kinanda cha umeme na mashine ya midundo. Huko huko Southall, bendi ya Alaap ya Channi Singh, iliyoanza mwaka 1977, ilikuwa tayari inajaza kumbi.

Zingatia mashine hiyo ya midundo. Bangra ya Uingereza ilikua kwa tabla, dholaki (dholi ndogo) na midundo ya umeme kabla ya dholi kubwa kurudi mbele. Iliporudi, ilirudi kwa namna mpya. Johnny Kalsi alianzisha Dhol Foundation mwaka 1989, na madarasa yake hayakumuuliza mwanafunzi ukoo wake. Watoto wa wenye mashamba na wa maseremala waliivaa dholi shingoni, na wasichana pia: Parv Kaur wa Birmingham aliunda kikundi chake, Eternal Taal. Kazi iliyokuwa alama ya unyonge kule kijijini ikawa fahari ughaibuni. Lakini fahari hiyo haijarudi na kuwainua Wabazigar wa Punjab. Mara nyingi pigo walilolikuza husikika kwenye santuri ya mtu mwingine bila jina lao. Wimbo wa Panjabi MC, Mundian To Bach Ke, wa mwaka 1998, uliipeleka tumbi kwenye redio za Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 Diljit Dosanjh aliimba Kipunjabi jukwaani Coachella, California. Nafurahi kila ninapoyaona mambo haya. Nafurahi zaidi nikisikia jina la mpigaji likitajwa.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, jaribu pigo la kawaida kuliko yote ya bangra ya leo. Kaa mezani. Hesabu hadi nane, tena na tena. Mkono wa kulia, ulio tili, upige hesabu zote nane kwa vidole, lakini usizipe urefu sawa: moja ivutwe kidogo, inayofuata ifupishwe, kama mtu anayetembea kwa kuchechemea kwa furaha. Mkono wa kushoto, ulio daga, uanguke kwa kiganja kwenye moja, kwenye sita na kwenye saba tu. Mwanzoni mikono itagombana. Endelea hadi sita na saba zije zenyewe bila kuzihesabu, halafu fungua ukurasa unaofuata.