Mkristo Katika Chama cha Wahafidhina

Tarehe 21 Mei 1988, Margaret Thatcher, Waziri Mkuu wa Uingereza na kiongozi wa chama cha Conservative, alisimama mjini Edinburgh mbele ya Mkutano Mkuu wa Kanisa la Scotland, kanisa lile ambalo wamisheni wake waliofika Kikuyu na Tumutumu ndio walioasisi kanisa la Presbyterian (PCEA) la Kenya, akawahutubia wachungaji na wazee juu ya dini yake na siasa yake. Binti huyu wa mwenye duka wa Grantham, ambaye baba yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti, alimtaja Mtume Paulo na agizo lake juu ya mtu asiyetaka kufanya kazi. Akasema kwamba kuchuma mali si dhambi, bali dhambi ni kuipenda mali kwa ajili ya mali yenyewe. Alikiri vilevile, na wengi wa waliomlaumu hulisahau neno hili, kwamba Biblia haikuagiza muundo maalumu wa serikali, na kwamba Wakristo mara nyingi hutofautiana kwa dhati juu ya jambo hilo. Alipomaliza, Moderata wa Mkutano huo, James Whyte, alimshukuru kwa taadhima, kisha akamkabidhi ripoti za Kanisa kuhusu umaskini na makazi.

Kila linapozuka swali kama imani ya Kristo yapatana na siasa za wahafidhina, hotuba ile ndiyo itolewayo ushahidi, huyu akiisifu na yule akiilaani. Mimi naona ushahidi mzito zaidi ulikuwa umekwisha kutolewa miaka miwili kabla, tena kwa kura.

Mwaka 1986 serikali hiyohiyo ilipeleka Bungeni mswada wa kuondoa vizuizi vya biashara ya Jumapili katika England na Wales. Wabunge wa chama walikuwa wengi kupita kiasi, wala haikuelekea kwamba mswada ungeanguka. Lakini watu wa makanisa na chama cha wafanyakazi wa madukani, ambao katika mambo mengine ni nadra kuonekana baraza moja, waliungana kuitetea siku ile. Na usiku wa 14 Aprili, katika Baraza la Makabwela, wabunge wa Conservative wapatao 70 waliipa kisogo amri ya wanadhimu wao, mswada ukaangushwa kwa kura 296 dhidi ya 282.

Watu hao hawakuwa wajamaa. Walikuwa wahafidhina barabara, waliodhani kwamba siku moja katika juma ambayo mwuza duka hukaa na wanawe, na mwenye kusali akaenda kusali, ni amana waliyoirithi kwa wazee wao, na amana haiuzwi kwa sababu soko limepanda bei. Maana katika jumba la uhafidhina wamo wapangaji wawili: mmoja hulinda mila, ukoo na ibada, na mwingine hataki biashara iwekewe mpaka wowote. Aghalabu huafikiana, ila siku watengapo njia, ndipo Mkristo aliyemo chamani hudhihirika anamtii nani.

Wala si jambo la jana. Lord Ashley, ambaye baadaye alirithi cheo cha Earl wa Shaftesbury, alikuwa mhafidhina wa kuzaliwa na Mkristo wa kiinjili mwenye imani thabiti. Ripoti ya tume ya machimbo ya makaa ya mawe, iliyotoka mwaka 1842 pamoja na michoro ya watoto waliofungwa mnyororo kiunoni wakikokota magari ya makaa huku wakitambaa gizani, ilimtia hima akapitisha sheria ya kuwatoa wanawake na wavulana wasiotimiza miaka 10 katika kazi za chini ya ardhi. Na alipotaka saa za kazi viwandani zipunguzwe, mpinzani wake alikuwa Sir Robert Peel, kiongozi wa chama chake mwenyewe.

Kwa hiyo wanaosema kwamba Mkristo hawezi kuwa mhafidhina wanakosea, sawasawa na alivyokosea yule waziri, asiyetajwa jina, aliyeiita ya Kimarx ripoti ya tume ya Askofu Mkuu Robert Runcie ya mwaka 1985 juu ya umaskini wa mijini. Yapatana, naam, kwa sharti kwamba dhamiri ya mtu isiwekwe rehani kwa wanadhimu.

Hatimaye mwaka 1994, chini ya John Major, Jumapili ilifunguliwa kwa biashara. Hata hivyo Bunge, lilipopewa kuchagua, lilikataa kuondoa mipaka yote: maduka makubwa yakapewa muda wa saa 6 tu, na mfanyakazi wa dukani akapata haki ya kukataa kazi ya siku hiyo bila kufukuzwa. Naamini kwa yakini kwamba vifungu hivyo visingalikuwamo katika sheria ile, lau wale 70 wangalipiga kura kama walivyoamriwa.