Simu Ikiharibika, Laini Itoke Kwanza

Simu ikiingia maji ya bahari pale Diani, au kioo kikipasuka ukiwa kwa bodaboda, wengi wetu tunajua pa kwenda: kwa fundi wa simu, Ukunda au Msambweni. Kazi anaiweza. Kinachomkwamisha ni spea. Kioo cha kampuni hakipatikani, au bei yake inakaribia ya simu mpya, basi unawekewa kopi ambayo baada ya mwezi inaanza kujibonyeza yenyewe.

Ulaya jambo hili wamelitungia sheria. Kwa modeli zinazoingia soko la Umoja wa Ulaya tangu 20 Juni 2025, mtengenezaji lazima awauzie mafundi spea muhimu kwa angalau miaka 7 baada ya kuacha kuuza modeli hiyo. Kenya bado hatuna sheria kama hiyo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na fidia ukipata hasara kwa sababu ya kasoro yake (risiti usitupe!). Lakini hakimlazimishi mtu amuuzie fundi wako kioo.

Kwa hivyo tunamtegemea fundi, na tunamwachia simu siku nzima, wakati mwingine usiku. Hapo ndipo tunapoingia sisi. Pesa zako haziko ndani ya simu, ziko kwenye akaunti. Ufunguo wake ni laini na PIN. Toa laini kabla simu haijafika mezani. Fundi akitaka kujaribu mtandao, atumie laini yake. Akitaka simu ifunguliwe, bonyeza nywila mwenyewe. PIN ya pesa haihitajiki kubadilisha kioo wala betri, hata siku moja. Na wale mlioihifadhi kwenye simu kama namba ya mjomba, tunawajua. Ibadilisheni leo.

Kama simu ni ya mkopo, muulize kwanza aliyekuuzia. Ikifunguliwa na fundi wa nje huenda ukapoteza waranti, na malipo ya kila siku hayakungoji eti kwa sababu kioo kimevunjika.

Jambo la mwisho, lifanye sasa simu ikiwa bado nzima: piga *#06#, uandike namba ya IMEI kwenye karatasi. Ukiichukua simu kwa fundi, piga tena ulinganishe kabla hujalipa.