Nyoka mchanga: Piga hesabu kabla ya kumtia kwenye boksi

Mkulima wa Kiwira anapoingia stoo alfajiri kuchota maharage ya kupeleka sokoni, kuna siku hukuta kitu chembamba cha rangi ya kahawia kimejikunja nyuma ya magunia. Urefu wake haufiki rula ya mwanafunzi. Kawaida ya wengi ni kutafuta jembe. Lakini siku hizi wapo vijana, hasa wale walioona video kwenye simu, ambao badala ya jembe hutafuta ndoo yenye mfuniko. Wanataka kumfuga.

Baadhi wamevutiwa naye tu. Wengine wamesikia kuwa Ulaya na Marekani nyoka wa namna hiyo huuzwa kwa dola. Ni kweli huuzwa. Kisichosemwa ni kwamba nyoka mchanga ni mfugo kama mfugo mwingine: ana chakula chake, banda lake, joto lake na karatasi zake za serikali, na gharama hizo hazionekani siku ile ya ndoo.

Yule wa stoo ni nani?

Mara nyingi anayekutwa ghalani ni yule ambaye wataalamu humwita nyoka-nyumba. Hana sumu. Hutembea usiku, hukamata panya na kumbana mpaka afe, kama afanyavyo chatu. Ana mng'ao kama aliyepakwa mafuta, na kichwani huwa na mistari miwili hafifu kila upande, mmoja ukipita kwenye jicho. Akitoka kwenye yai ana urefu wa sentimita 20 hivi. Akikomaa wengi hufikia sentimita 60 hadi 90, na jike humzidi dume. Kwa upole wake na udogo wake, ndiye anayependekezwa katika nchi nyingi kwa mtu anayefuga nyoka kwa mara ya kwanza.

Tatizo ni kwamba si kila nyoka wa kahawia ni yeye. Yupo mwingine mweusi au wa kahawia iliyokolea, anayeishi chini ya udongo na kutokeza baada ya mvua, ambaye jino lake la sumu hutokea pembeni hata akiwa amefumba mdomo. Huyo hashikiki. Hata fundi wa nyoka akimbana shingo huchomwa kidole. Aidha, mlima Rungwe wenyewe una nyoka wake wa vichakani, wa kijani na manjano yenye madoa meusi, aliyepewa jina la kisayansi Atheris rungweensis mwaka 1940. Ni mzuri wa kutazama, na wapenzi wa nyoka wa ng'ambo humtamani. Ana sumu, na hakuna dawa maalumu iliyotengenezwa kwa ajili ya sumu ya jamii yake. Mtu asiyeweza kuwatofautisha hawa bila kubahatisha hana sababu ya kupeleka mkono.

Mali ya nani?

Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyamapori wote nchini ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Nyoka yumo. Kumkuta shambani kwako hakukufanyi uwe mwenye naye, na kumfungia ndani bila kibali ni kosa. Vibali vya kufuga wanyamapori husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na kwa mtu wa Kiwira pa kuanzia kuulizia ni kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, Tukuyu. Kuuliza ni bure, na ni afadhali kuuliza kabla ya kununua hata msumari wa banda.

Kufuga nyoka si jambo la kigeni kama wengi wanavyodhani. Usukumani, watu wa chama cha Bayeye wamekuwa mafundi wa nyoka tangu enzi za mababu, na ngoma ya chatu bado ni kivutio pale Bujora, karibu na Mwanza. Kule kusini, bwana nyama C.J.P. Ionides, aliyefariki mwaka 1968, aliishi Liwale na Newala akikamata nyoka kwa ajili ya bustani za wanyama na watafiti, na wanavijiji waliomwonyesha alipo nyoka walipata malipo. Meserani, nje kidogo ya jiji la Arusha, ipo bustani ya nyoka ambayo watalii hulipa kuingia. Wote hao walikuwa au ni watu wa kazi hiyo kwa muda mrefu, si wa ndoo na mfuniko.

Joto kwanza

Aliyepata kibali, au anayekitafuta, aanze na joto. Nyoka hatengenezi joto la mwili wake, hulichukua nje. Akiwa na baridi, chakula hakisagiki, huoza tumboni, naye hukitapika. Akitapika mara mbili tatu akiwa mchanga, huwa vigumu kumwokoa. Baridi pia humletea mafua ya mapafu, na mfugaji atamwona akihema mdomo wazi na mate ya kunata yakimtoka.

Hapa ndipo Kiwira inapokuwa ngumu. Usiku wa Juni na Julai, watu wa Rungwe hulala na mablanketi mawili, wakati nyoka-nyumba mchanga anahitaji upande mmoja wa boksi lake uwe na joto la nyuzi 29 hadi 32 na upande wa pili nyuzi 22 hadi 25, ili achague mwenyewe. Aliyewahi kulea vifaranga kwa taa anaelewa nusu ya kazi. Nusu ya pili ni hiyo ya kuacha upande mmoja ubaridi. Ukipasha boksi zima, nyoka hana pa kukimbilia. Balbu isikae wazi ndani. Nyoka hujiviringisha kwenye kitu cha moto bila kujua anaungua, kwa hiyo izungushiwe wavu wa chuma au ikae nje ya boksi. Kipimajoto kiwe kila upande. Kiganja cha mkono si kipimo.

Balbu ya wati 25 ikiwaka usiku na mchana hula uniti 0.6 kwa siku, sawa na uniti 18 kwa mwezi na 219 kwa mwaka. Mwenye LUKU azidishe kwa bei anayonunulia. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa na kuwekwa upande mmoja humvusha kwa saa chache. Jiko la mkaa chumbani halifai, kwa nyoka wala kwa mwenye nyumba.

Boksi lenyewe lisiwe kubwa. Kwa mchanga, sentimita 40 kwa 25 zinatosha. Mahali pakubwa humtia hofu na hugoma kula. Mfuniko ufungwe kwa klipu, kwani nyoka wa umri huo hupita kwenye upenyo unaopita penseli. Matundu ya hewa yawe mengi kuliko vitabu vingi vinavyoshauri. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa nchi ambako hewa ya ndani ni kavu; Kiwira shida ni unyevu, na sakafu ikikaa na majimaji ngozi ya tumbo hutoka malengelenge. Atandikiwe gazeti au karatasi. Maranda ya mbao yako tele kwa mafundi wa Rungwe, lakini ya paini yana mafuta yanayomwasha nyoka mapafu. Awekewe maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi. Kigae cha chungu cha Matema kilichovunjika kinafaa kabisa. Maji safi yabadilishwe kila siku.

Panya wa kumlisha

Kwa siku saba hadi kumi za mwanzo aachwe atulie. Asishikwe. Baada ya hapo hupewa kichanga cha panya mdogo, yule ambaye hajaota manyoya, kila baada ya siku tano hadi saba. Kipimo ni rahisi: mlo usizidi unene wa nyoka mwenyewe pale alipo mnene zaidi. Akishakula, asiguswe kwa siku mbili. Akigoma wiki moja si msiba. Mara nyingi amekosa joto, amekosa pa kujificha, au anakaribia kujivua gamba, jambo linaloonekana macho yanapogeuka rangi ya maziwa.

Watu wengi hufikiri panya si tatizo, kwani stoo wamejaa. Panya wa stoo hawafai. Wana minyoo, na huenda jirani amemwaga sumu ya panya usiku uliopita. Mfugaji inabidi afuge panya weupe. Kwa mlo mmoja kila siku sita, nyoka mmoja anahitaji vichanga 60 kwa mwaka wa kwanza. Panya jike hubeba mimba kwa siku 20 hivi na kuzaa watoto watano hadi kumi, hivyo majike wawili na dume mmoja wanatosha na kuzidi. Lakini sasa huyo anayetaka nyoka mmoja ana mradi wa pili wenye pumba, maranda, harufu na mlango wa kufunga. Panya mkubwa asitupwe akiwa hai ndani ya boksi. Akimkuta nyoka hana njaa, yeye ndiye atakayemng'ata.

Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika nyoka au kusafisha boksi lake. Nyoka hubeba vijidudu vya salmonela bila kuumwa, na mtoto wa chini ya miaka mitano huvipata kwa urahisi. Boksi lisioshewe jikoni. Na hesabu iwe ya muda mrefu: nyoka-nyumba aliyetunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka 10. Mtoto wa shule aliyemwomba baba yake amfugie atakuwa amekwisha kuondoka nyumbani.

Soko liko wapi?

Mfanyabiashara mdogo atauliza: faida iko wapi? Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara wangepewa miezi sita kumaliza wanyama waliobaki mikononi mwao, na tangazo hilo likasitishwa karibu mara moja. Waliokuwa wamejenga mabanda wakabaki na midomo ya kulisha. Aidha, Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, tangu mwaka 1979, na chatu wote wamo kwenye orodha zake. Huko nje kwenyewe, nyoka-nyumba na chatu wadogo wa Afrika Magharibi huzalishwa kwa wingi na wafugaji wa hukohuko. Dalali anayekuja Kiwira na habari ya mzungu anayelipa mamilioni kwa nyoka wa kichakani anamtaka mkulima abebe hatari ya sumu na ya sheria, yeye akabebe pesa.

Faida iliyo karibu zaidi haihitaji boksi. Watafiti wa panya, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kwa miaka mingi wamekuwa wakitaja kuwa panya huharibu kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi nchini, hata kabla ya kuvunwa. Nyoka-nyumba huingia kwenye shimo ambalo paka haingii na mtego haufiki, akala vichanga kabla hawajawa walaji wa mahindi. Halipwi mshahara, hatumii LUKU, na hakuna kibali kinachotakiwa kwa nyoka ambaye hujamkamata. Kwa kaya nyingi za Kiwira, huyo wa nyuma ya magunia analeta zaidi akiwa huru kuliko akiwa kwenye plastiki. Ila stoo anayokaa isiwekwe sumu ya panya, kwani akimla panya aliyelishwa sumu naye huenda akafa.

Hata hivyo, kumwacha si kumzoea. Magunia yawekwe juu ya chaga za mbao, mbali kidogo na ukuta, ili anayechota aone kilicho nyuma kabla ya kupeleka mkono. Usiku aingie na tochi na viatu. Akitokea kung'atwa na nyoka asiyemjua, jeraha lisichanjwe wala kunyonywa, na mkono au mguu usifungwe kwa kamba ya kukaza. Pete na bangili zivuliwe mapema, kiungo kitulizwe kwa kipande cha ubao, mgonjwa asitembezwe, apandishwe gari kwenda Igogwe au Makandana, bila kupitia kwa mwenye jiwe la nyoka. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka mbali itamsaidia daktari kuliko nyoka mwenyewe kuletwa ndani ya mfuko.